Throto kali kwenye baiskeli ya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waendeshaji wa Nairobi

Ukurasa huu ni wa mwenye baiskeli ya umeme yenye nguvu, kuanzia wati 1,000 kwenda juu, hasa zile za volti 48, 60 na 72 zenye mota kwenye gurudumu la nyuma au katikati kwenye pedali. Mwenye pikipiki ya umeme naye atapata chake humu, maana mitambo inafanana. Malalamiko ni yale yale kila siku: ukigusa throto (kishikio cha kuongezea mwendo) kidogo tu, chombo kinaruka. Mara nyingi tatizo hili linatibika bila kununua kitu chochote, na inafaa litibiwe mapema. Kwenye foleni ya Jogoo Road, mruko wa mita moja unatosha kukuingiza chini ya bampa ya matatu.

Kwa nini inaruka hata nikigusa kidogo?

Mota ya umeme haingoji mizunguko ipande ndipo ipate nguvu. Msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha gurudumu, uko tayari tangu gurudumu likiwa limesimama. Injini ya petroli hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupungukiwa hewa na kuvuta kivivu kuliko ingevuta Mombasa. Mota haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii kitu. Aliyezoea boda ya petroli akipanda ya umeme, mkono wake unaomba kwa mazoea ya zamani na kujibiwa kupita kiasi.

Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili iko kwenye kontrola, yaani kisanduku kinachopima umeme wa betri unaokwenda kwenye mota, na ndiyo ninayotaka uielewe vizuri, maana dawa inatoka hapo. Kontrola nyingi za bei nafuu huchukulia throto kuwa ombi la kasi. Ukizungusha robo, zinapeleka kwenye mota robo ya volteji ya betri. Chukua betri ya volti 72: robo yake ni volti 18. Gurudumu likiwa mbioni, mota yenyewe huzalisha volteji inayopingana na ile inayoletwa, kwa hiyo mkondo unaopita ni wa kiasi. Gurudumu likiwa limesimama, upinzani huo haupo. Kinachobaki ni ukinzani wa nyaya za ndani ya mota, ambao ni mdogo sana. Tuseme ni omu 0.1: volti 18 zitataka kusukuma ampea 180. Kontrola inazuia kwenye kikomo chake, tuseme ampea 100, na hizo 100 zote zinafika papo hapo. Yaani wakati wa kuondoka, robo ya throto na throto nzima hutoa msukumo ule ule. Ukisikia mtu akilalamika kwamba yake "haina katikati", hicho ndicho anachokisema.

Kontrola za aina ya pili huchukulia throto kuwa ombi la msokoto. Robo ya throto hutoa robo ya mkondo, uwe umesimama au uko mwendo wa 40. Hizi ni tulivu zaidi mkononi, ila nazo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kumfurahisha mnunuzi kwenye dakika zake tano za kujaribu.

Skrini yangu inaonyesha ampea 20 tu ninapoondoka. Hizo 100 zinatoka wapi?

Skrini inasoma mkondo wa betri. Mkondo unaoingia kwenye mota, yaani mkondo wa fezi, ni kitu kingine. Gurudumu likiwa polepole, kontrola hushusha volteji na kupandisha mkondo, kwa hiyo ampea 20 za betri zinaweza kuwa 100 kwenye mota. Mkondo wa fezi ndio unaokurusha. Ukiambiwa "punguza ampea", uliza kwanza ni ampea zipi.

Kuna kitu naweza kufanya leo, kabla ya kufungua chochote?

Kipo. Ukishika throto ya kuzungusha, usiishike katikati ya kiganja mkono ukining'inia. Telezesha kidole gumba kiguse kasha la swichi lililo pembeni, kikae hapo kama nanga, halafu vidole viwili vya mbele viwe juu ya breki. Ukirushwa na tuta, mwili unakwenda nyuma na mkono unavuta throto bila wewe kutaka. Throto ikivutwa chombo kinaruka zaidi, na mwili unarudi nyuma zaidi. Kidole kilichotia nanga kinakata mchezo huo mwanzoni kabisa.

Pili, hakikisha swichi za breki zinakata mota. Weka chombo kwenye stendi ya katikati, gurudumu likiwa hewani, zungusha polepole kisha gusa breki. Mota inapaswa kuzima hapo hapo, kwa breki ya kushoto na ya kulia. Kama haizimi, shughulikia hilo kabla ya kitu kingine chochote humu. Baiskeli nyingi zilizofungwa mota mtaani huachwa bila nyaya hizo kuunganishwa, eti breki inatosha. Haitoshi.

Tatu, legeza nati ya kasha la throto na ulizungushe kidogo kwenye usukani, ili uanze kuvuta kifundo kikiwa kimenyooka. Kifundo kilichopinda hakina hisia ya vipimo vidogo.

Nitajuaje kama kasoro ni ya throto yenyewe?

Nunua multimita, yaani kipima umeme cha mkononi. Luthuli Avenue zimejaa, na ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii. Throto nyingi za siku hizi ni za sensa ya Hall: ndani kuna sumaku inayosogea mbele ya kisensa kidogo, na nyaya tatu zinatoka. Nyekundu huwa inaleta takriban volti 5 kutoka kwenye kontrola, nyeusi ni hasi, na ya tatu, mara nyingi kijani au nyeupe, ndiyo inayobeba ishara. Rangi si sheria, kwa hiyo pima kwanza.

Inua gurudumu la nyuma. Weka multimita kwenye volti 20 za DC. Choma ncha nyeusi nyuma ya soketi kwenye waya hasi na nyekundu kwenye waya wa ishara, bila kuchomoa soketi. Washa. Throto ikiwa imelala, utasoma kama volti 0.8 au 0.9. Sasa zungusha polepole sana, nusu ya upana wa kidole kwa wakati, ukitazama namba. Inapaswa kupanda mfululizo hadi volti 3.6 au zaidi kidogo. Andika kwenye karatasi: gurudumu lilianza kuzunguka kwenye volti ngapi, na throto ilikuwa imekwenda umbali gani.

Namba ikiruka, mathalani kutoka 1.0 hadi 1.9 bila kupita katikati, sumaku imelegea au sensa imechoka; badilisha throto, ni kifaa cha bei ndogo. Ikipanda vizuri lakini chombo bado kinaruka, throto haina kosa na kazi iko kwenye kontrola. Ukiona throto hairudi yenyewe hadi mwisho, springi imechoka au vumbi limeingia. Wanaopita barabara za vumbi za Ruai na Kamulu kila siku wanalijua hilo.

Kuna kasoro nyingine inayochanganywa na hii. Chombo kikitetemeka na kunguruma wakati wa kuondoka, halafu kikakaa sawa kikishaanza kwenda, chunguza sensa za Hall zilizo ndani ya mota na soketi yake. Maji yakiingia hapo, kontrola haijui gurudumu limekaa vipi na inasukuma kwa kubahatisha. Hakuna mpangilio wa throto utakaoliponya hilo.

Kontrola yangu inapangika kwa simu au kompyuta. Nibadilishe nini?

Kwanza piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio ulivyoukuta. Kila ukurasa, hata usioelewa maana yake. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukajaribu. Majina ya mipangilio hutofautiana kati ya kontrola za Fardriver, Votol, Sabvoton, Kelly na VESC, lakini mambo yenyewe ni manne, na napendelea yafuatwe kwa mpangilio huu.

Anza na mwanzo na mwisho wa ishara ya throto. Kontrola nyingi huanza kusikia kwenye volti 1.1 au 1.2. Kama imepangwa ihesabu throto kuwa imejaa kwenye volti 2.8 ilhali throto yako inafika 3.6, basi umepoteza theluthi ya mzunguko wa mkono na nguvu zote zimebanwa kwenye kipande kilichobaki. Weka mwanzo juu kidogo ya ile namba uliyoisoma throto ikiwa imelala, kama volti 0.2 zaidi, ili chombo kisijisogeze chenyewe kwenye joto au mtikisiko. Weka mwisho chini kidogo ya ile ya juu kabisa. Kwa hilo peke yake, wengi hupumua.

La pili ni mkondo wa fezi. Ushushe kwa hatua, asilimia kumi kumi, mpaka kuondoka kwa throto nzima kusikunyanyulie gurudumu la mbele wala kukuvuta mabega. Watu huliogopa hili kwa kudhani watapoteza kasi. Kasi ya mwisho inategemea volteji ya betri na jinsi mota ilivyosukwa. Mkondo wa fezi unagusa mwanzo na mlima.

La tatu ni mkunjo wa throto, kama kontrola yako inao. Badala ya mstari ulionyooka, unachagua mkunjo unaopanda taratibu mwanzoni na kwa kasi mwishoni, nusu ya mkono itoe robo tu ya msokoto. Hapa ndipo raha ilipo. Nguvu zote bado unazo, ila sehemu ya kwanza ya mkono, ile unayoitumia kwenye foleni na kwenye vichochoro vya mtaani, imekuwa pana. VESC, mradi wa wazi ulioanzishwa na Msweden Benjamin Vedder, inalo hili na unauona mkunjo ukichorwa mbele yako unapoubadilisha.

La mwisho ni muda wa kupanda, yaani sekunde ngapi zipite kutoka sifuri hadi nguvu kamili. Nusu sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayebeba mtoto au mzigo anaweza kukaribia sekunde moja. Usizidishe. Throto inayochelewa kujibu nayo ni hatari: unaingia mzunguko wa barabara, umeona nafasi, umevuta, na hakuna kinachotokea mpaka nafasi imefungwa. Ndiyo maana nimeliweka la mwisho, ingawa mafundi wengi hukimbilia hapo kwanza kwa sababu ndilo jepesi. Muda wa kushuka usiuguse. Ukiachia throto, nguvu zikatike mara moja.

Ninayo mota ya Bafang ya katikati. Ni tofauti?

Kidogo. Mota za Bafang za BBS02 na BBSHD zinapangwa kwa kebo ya USB na kompyuta. Kwenye ukurasa wa throto utakuta volteji ya kuanzia na ya kumalizia, zimeandikwa kwa sehemu za kumi za volti (11 ni volti 1.1), na asilimia ya mkondo wa kuanzia. Shusha mkondo wa kuanzia, na panua volteji ya kumalizia ikaribie ile uliyoipima kwenye throto yako. Kwa mota ya katikati faida ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mruko unapita kwenye cheni na gia. Ukikata cheni mara kwa mara, au meno ya gia ndogo yamekuwa makali kama ya msumeno, tazama mipangilio kabla ya kulaumu cheni.

Yangu haipangiki hata kidogo. Nimekwama?

Hapana. Angalia kama kuna swichi ya hatua tatu za mwendo. Kwenye kontrola zinazochukulia throto kuwa ombi la kasi, hatua ya kwanza hupunguza kasi ya juu lakini mruko wa kuondoka unaweza kubaki karibu vile vile. Bado inasaidia, kwa kuwa mzunguko mzima wa mkono sasa unagawanywa juu ya kasi ndogo.

Njia ya pili ni kuweka kifaa cha kati. Cycle Analyst ya Grin Technologies ya Vancouver, Kanada, inakaa kati ya throto na kontrola: inasoma mkono wako, inapunguza kasi ya kupanda kwa ishara, na inaweza kuifanya throto iombe mkondo badala ya kasi. Ni kifaa kizuri sana, lakini kukiagiza hadi Nairobi kuna gharama zake, na kabla ya kulipa hizo pesa linganisha na bei ya kontrola mpya inayopangika. Kwa mtu atakayeendelea na baiskeli hiyo miaka kadhaa, mimi humshauri abadilishe kontrola. Hakikisha tu volteji inalingana na betri iliyojaa: betri ya 72 ya seli 20 hufika volti 84 ikijaa, na ile ya 48 ya seli 13 hufika 54.6.

Fundi anasema ataweka resista au kapasita kwenye waya wa throto. Nimkubalie?

Kataa kwa heshima. Resista zinazogawanya ishara hushusha namba zote kwa pamoja: ya juu inashuka, hivyo unapoteza kasi, na ya chini inashuka, hivyo mkono unazunguka muda mrefu bila jibu kabla ya ule mruko ule ule. Kapasita inachelewesha kupanda, kweli, lakini inachelewesha na kushuka. Umeachia throto, umefika kwenye kivuko cha wanafunzi, na mota bado inasukuma.

Throto ya kidole gumba ni bora kuliko ya kuzungusha?

Kwa barabara mbovu, ndiyo. Kiganja chote kinabaki kimeshika usukani, na mtikisiko hauwezi kuivuta kirahisi. Kwa safari ndefu kidole kinachoka. Ukipita zaidi mitaani kuliko kwenye barabara kuu, badilisha.

Mbona asubuhi ni kali kuliko jioni?

Betri imejaa. Ile ya volti 72 ya seli 20 inaondoka nyumbani na 84 na kurudi na 66 au hapo karibu. Fanya majaribio yako yote betri ikiwa imejaa, ndipo ujue ubaya wake wote.

Nikipunguza mkondo, nitapanda mlima?

Milima ya mjini utaipanda. Kwenye mpando mrefu kama wa Kiserian kwenda Corner Baridi, mota ya gurudumuni inayokwenda polepole ikimezeshwa mkondo mkubwa hugeuza sehemu kubwa kuwa joto, kwa hiyo hata usipopunguza, haitakaa hivyo muda mrefu bila kuungua. Ingia mlimani na mwendo, na piga pedali. Unayebeba mizigo kila siku, weka hatua mbili: ya chini ya mjini, ya juu ya mlima.

Ekseli inahusikaje na throto?

Sana, kwa mota ya gurudumuni. Kila mruko mota inajaribu kuizungusha ekseli yake ndani ya uma wa nyuma. Ekseli nyingi ni za milimita 14, zimebapazwa pande mbili hadi 10, na kinachozishikilia ni ukingo mwembamba wa fremu. Ukingo ukifunguka, ekseli inazunguka, inasokota na kukata waya, na gurudumu linaweza kutoka. Fremu za alumini ndizo za kuogopa zaidi. Dawa ni mkono wa chuma unaoibana ekseli na kufungwa kwenye fremu. Kama huna, peleka vipimo Kariobangi Light Industries ukakatiwe kwa bamba la chuma la milimita 6 au zaidi, tundu libane kabisa, lisilegee hata kidogo. Kaza nati tena baada ya siku chache za kwanza.

Wakati wa mvua nifanye nini?

Hatua ya chini, throto kidogo, na usivute ukiwa juu ya mistari iliyopakwa rangi au ukiwa umelaza chombo kwenye kona. Udongo mweusi wa Embakasi na Utawala ukilowa haumshikilii mtu. Soketi ya throto nayo ilindwe: ipake grisi ya umeme, igeuze mdomo utazame chini, na uache waya ukunje chini kabla ya kuingia, ili maji yadondokee pale kwenye kunjo.

Ilijivuta yenyewe nikiwa sijagusa. Ni kawaida?

Si kawaida, na usiiendeshe tena mpaka ijulikane sababu. Mara nyingi ni maji kwenye soketi yanayounganisha ule waya wa volti 5 na ule wa ishara, au waya hasi wa throto umekatika. Hasi ikikatika, ishara hupanda kuelekea volti 5, na kontrola inaweza kudhani umevuta yote. Kontrola nzuri zina kikomo cha juu, mathalani volti 4.2 au 4.5, na ishara ikikipita zinazima. Kuna wanaokiondoa kikomo hicho ili kumaliza "error" kwenye skrini. Kirudishe. Likikukuta barabarani, bana breki zote mbili na uzime kwa ufunguo au swichi kuu.

Nitajaribu wapi?

Uwanja wa shule au kanisa ulio wazi, kwa ruhusa, siku isiyo na watu. Jaribu kuondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuzunguka duara dogo, na kupita tuta bila mkono kuongeza. Ukiweza kuandika namba nane polepole bila kuweka mguu chini, mipangilio imekaa. Fanya tena ukiwa na mzigo ule unaoubeba kwa kawaida, kwa sababu uzito nyuma hupunguza mzigo wa gurudumu la mbele.

Yangu ni pikipiki ya kampuni ya kubadilisha betri. Nifungue kontrola?

Usifungue. Ukiwa na chombo cha Roam, Spiro, Ampersand au ARC Ride, soma mkataba wako. Betri kwenye mipango ya kubadilisha huwa si mali yako, na kugusa mfumo kunaweza kukuharibia dhamana. Nenda kituo cha huduma na maelezo kamili: inaruka kutoka kusimama au katikati ya mwendo, asubuhi au muda wote, kwenye hatua ipi, na kama throto inarudi yenyewe ukiiachia. Waombe wapime volteji ya throto mbele yako, kisha waseme kama programu ya kontrola inaweza kulainishwa. Throto iliyochoka wanaweza kukubadilishia pale pale.